Oili ya pikipiki: geuza chupa usome nyuma

Mpwa wangu anaendesha bodaboda. Steji yake iko hapa hapa Shella, upande wa barabara iendayo gatini, na pikipiki si yake. Ni ya mama mmoja jirani yetu aliyeinunua kwa pesa za chama, naye kila jioni humpelekea hesabu ya shilingi mia tatu. Kinachobaki baada ya petroli ndicho chake yeye, mkewe na mtoto. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba pikipiki ile ikilala siku moja, ni nyumba mbili zinazoumia.

Msimu wa maembe uliopita pikipiki ikaanza vituko. Ikiwa tupu inakwenda vizuri. Ikipakia abiria wawili, au gunia kutoka Ganda, injini inanguruma kama inataka kupaa lakini mwendo ni uleule. Wenzake steji wakamwambia pleti za klachi zimekwisha. Akanunua mpya, akamlipa fundi, akapoteza siku nzima. Wiki tatu hazikutimia, mambo yakarudi palepale. Jirani yetu naye akaanza kuuliza, kwa upole lakini akiuliza, kama kijana anaendesha pikipiki ya watu vibaya.

Kumbe mharibifu ni mimi.

Nina Probox yangu ya kazi. Nilikuwa nimebadilisha oili, na katika galoni ya lita tano ikabaki lita moja na zaidi. Oili ya bei, 5W-30, kopo linang'aa. Nikamwita mpwa wangu nikampa. Nikamwambia hii si ile ya kupimiwa kwa chupa ya soda, hii ni kitu safi, utanikumbuka. Akasema, "Ahsante sana, mjomba." Na pleti zilipobadilishwa mara ya kwanza, fundi aliikinga oili ile kwenye beseni akairudisha ndani, kwa kuwa ilikuwa bado mpya na kuitupa ni hasara.

Mara ya pili tukaenda kwa mzee mmoja wa Maweni, fundi tangu enzi ambazo boda zilikuwa baiskeli. Hakushika hata spana. Aliuliza tu, "Mumetia oili gani humu?" Nikamwonyesha galoni yangu kwa fahari. Akaigeuza, akanitaka nisome maandishi ya nyuma kwa sauti. Nikasoma mpaka mwisho. Hakuna mahali palipotajwa pikipiki.

"Gari lako klachi yake inakaa kukavu," akaniambia. "Ya huyu kijana inaogelea."

Ndilo neno nililoliendea huko, na wengi wetu hatulijui. Gari lenye klachi lina injini yenye oili yake, giaboksi yenye oili yake, na klachi iliyo kavu katikati, haiguswi na tone. Pikipiki zetu nyingi hizi za kazi, Boxer, TVS, Honda na zile za Kichina, injini, gia na klachi vyote vinakaa katika nyumba moja na kuoga oili moja. Na oili yenyewe ni kiasi cha lita moja tu, kidogo zaidi au kidogo kasoro. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, inapoza injini, inabeba masizi, inatenganisha meno ya gia yasisagane, kisha inapita katikati ya pleti za klachi, na hapo inatakiwa iziache zishikane. Huku iteleze, huku isiteleze. Ni kazi ya kumridhisha mke na wifi kwa siku moja.

Sasa, watengenezaji wa oili za magari ya kisasa wanashindania kupunguza matumizi ya petroli. Ili injini izunguke kwa wepesi, hutia dawa za kupunguza msuguano. Kwa Probox yangu hiyo ni neema. Kwa pleti za klachi za pikipiki ni sabuni. Pleti zinateleza, mteremko huo wa pleti juu ya pleti unazaa joto, joto linaunguza pleti, na mwenye pikipiki ananunua nyingine akidhani za kwanza zilikuwa bandia. Mpwa wangu alinunua seti mbili za pleti kwa sababu ya zawadi yangu.

Wajapani, ambao pikipiki ndiyo biashara yao, waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1998 wakatoa kipimo chao cha oili za pikipiki za 4T, kinachoitwa JASO T903. Oili inapimwa jinsi inavyoziacha pleti zishikane, kisha inapewa herufi. MA ni oili ya pikipiki zenye klachi ya kuoga, yaani hizi zetu. Baadaye daraja la MA likagawanywa, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi. MB ni oili inayoteleza, nayo ni ya zile skuta za mkanda zisizo na klachi ndani ya oili, kama zile ambazo wageni hukodi kule Casuarina. Ukitia MB kwenye Boxer utalia nilivyolia.

Kwa hivyo ukilishika kopo dukani, kabla hujaangalia picha ya pikipiki iliyochorwa mbele, geuza nyuma utafute herufi hizo: JASO MA au JASO MA2. Picha yeyote anaweza kuichora. Na ukiona duara la API ambalo chini yake pameandikwa "Resource Conserving", hiyo ni oili ya kubana petroli, mwachie mwenye gari. Tuktuk zetu nyingi nazo klachi yake inaoga, basi madereva wa tuktuk wasipite haraka wakidhani maneno haya ni ya boda pekee.

Nikija kwenye namba, hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. 20W-50, 15W-40, 10W-30. Utamsikia muuza duka akisema hii ya hamsini ni kali zaidi. Namba hazisemi ukali. Zinasema uzito wa oili, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto.

Kila mtu wa pwani anaujua mchezo huu kwa mafuta ya nazi. Mwezi wa Julai, kusi ikivuma, ukiamka alfajiri unakuta mafuta yameganda kwenye chupa. Jua likipanda yanayeyuka yenyewe. Ukiyatia kaangoni yanakuwa mepesi kama maji. Oili ya injini nayo ni hivyo hivyo: baridi huizidishia uzito, moto huipunguzia. Namba ya kwanza, ile yenye W, ni ya baridi, na baridi yenyewe ni ya Ulaya: 20W hupimwa kama injini itaweza kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sufuri, na 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sufuri. Malindi hatuna habari na hayo. Namba ya pili ndiyo yetu. Hiyo inapimwa kwenye nyuzi 100 za joto, na kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo oili inavyobaki nzito injini ikichemka. Hamsini ni tui la kwanza, thelathini ni tui jepesi.

Je, basi sote tutie 50? Injini hizi hupozwa kwa upepo. Boda anayesubiri juani huku injini inawaka, au anayesukuma mchanga wa njia za ndani na watu wawili mgongoni, hapati upepo wa kutosha, na oili yake huchemka kuliko ya mtu anayekwenda Watamu kwenye lami. Ndiyo maana 20W-50 imezoeleka sana huku kwetu, hasa kwa Boxer, na mazoea hayo yana msingi. Lakini Honda katika vitabu vyake vingi vya pikipiki ndogo huandika 10W-30, na TVS za miaka ya karibuni nazo huenda zikataka oili nyepesi, kwa kuwa nafasi baina ya vyuma vyao ni finyu na pampu imepangiwa oili inayokimbia. Injini kama hiyo ikiwa mpya, tui zito linachelewa kufika juu kwenye vali unapowasha asubuhi. Fuata kitabu. Pikipiki haina kitabu? Tazama maandishi kwenye kifuniko cha kutilia oili au kwenye kibandiko, au nenda kwa wakala wa pikipiki hiyo ukaulize, kuuliza hakulipiwi. Injini iliyozeeka na inayomeza oili ni habari nyingine. Hiyo ukiipandisha kutoka 40 hadi 50 itatulia kidogo, mpaka siku utakapopata pesa za ringi.

Kuna herufi nyingine, za API ya Marekani. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na herufi ya pili inapanda kwa umri: SF ni ya kale kuliko SG, SG kuliko SJ, SJ kuliko SL, SL kuliko SN. Kwenye rafu zetu bado utakutana na SF, kwa bei ya kuvutia. Hiyo, kwa maneno ya API wenyewe, ni ya injini zilizotengenezwa kabla ya 1989. Sisemi italipua injini. Nasema pikipiki ya juzi inastahili SJ au SL kwenda juu, mradi JASO MA ipo. Zikigombana hizo mbili, yaani SN isiyo na MA na SJ yenye MA, mimi siku hizi nachukua SJ yenye MA bila kufikiri.

Najua kuna atakayeniandikia kwamba yeye anatia oili ya lori, 15W-40 ya dizeli ya kupimiwa kwenye pipa, mwaka wa sita huu, na pikipiki inakwenda. Namuamini. Oili nyingi za namna hiyo hazina zile dawa za kupunguza msuguano, kwa hivyo klachi haitelezi, na ni nafuu. Lakini haikupimwa kwa kazi ya gia za pikipiki, na kwenye pipa hakuna nyuma ya kusoma. Leo umepimiwa oili ya lori, kesho umepimiwa iliyokwisha fanya kazi kwenye lori ikachujwa. Wewe na yule mwenye pipa ndio mnaojua, na wewe hujui.

Oili ninayoiogopa zaidi hapa Shella ni ya mashine za boti. Vijana wetu wengi wana miguu miwili, mmoja baharini, mmoja barabarani. Kusi ikichafua bahari, anaiweka mashua juu na kupanda pikipiki, na nyumbani ana kopo la 2T lililobaki. Ni oili, imefungwa vizuri, kwa nini isitumike? Kwa sababu 2T imetengenezwa ichanganywe na petroli, kama sehemu moja kwa hamsini hivi, iungue na kutoka kwa moshi. Haikuundwa kukaa wiki tatu ndani ya injini ikibeba uchafu, wala kuzuia meno ya gia yasisagane. Ukiitia kwenye Boxer itakwenda, ndiyo, itakwenda siku kadhaa, na hapo ndipo hadaa ilipo. Na kinyume chake ni vilevile: 4T ya pikipiki ukiichanganya kwenye petroli ya mashine ya boti, plagi zinajaa masizi, na mashine inakuzimikia nje ya mwamba, mahali ambapo hakuna steji.

Sasa tuseme umeshajua unachotaka. Bado kuna kupata kilicho halisi. Oili bandia nyingi ni oili chakavu iliyochujwa, ikatiwa kwenye makopo halisi yaliyookotwa. Kopo ni la kweli, kibandiko ni cha kweli, uongo uko ndani. Tazama pete ya kifuniko kama imekatika, na karatasi ya mdomoni kama imebanduliwa na kurudishwa. Tafuta namba ya toleo na tarehe zilizopigwa kwenye kopo lenyewe. Alama ya ubora ya KEBS huwa na namba ya kibali chini yake, na namba hiyo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi ukianza na SM# kwenda 20023, ukajibiwa kibali hicho ni cha nani. Na bei ikiwa chini mno ya maduka mengine, usijipongeze. Ukimaliza kopo lako, litoboe kwa msumari au likate. Dakika moja tu, na hakuna atakayelijaza tena akamuuzie mwenzako.

Rangi isikubabaishe. Kuna oili hutiwa rangi nyekundu, nyingine kijani, ni mapambo. Na watu wengi hudhani oili inayogeuka nyeusi upesi ni mbovu. Mara nyingi ni kinyume, inageuka nyeusi kwa kuwa inaosha. Iliyobaki na sura ya asali baada ya wiki mbili za kazi ndiyo ya kuulizwa imefanya nini humo ndani.

Badilisha lini? Vitabu hutofautiana, na vingi viliandikwa kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi. Boda wetu anayekwenda kilomita mia kwa siku anafika 2,600 kwa mwezi wa siku 26, kwa gia ya kwanza na ya pili, kwenye vumbi na hewa ya chumvi. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba meno ya gia huikata oili. Ile 50 uliyonunua inashuka uzito kila siku, na dalili yake utaisikia mguuni: gia zinaanza kuwa ngumu kuingia, na kuitafuta frii ni kazi. Mpwa wangu hungoja dalili hiyo isifike. Anabadilisha kila wiki mbili au tatu, pikipiki ikiwa na joto kidogo ili uchafu utoke na oili, na anasafisha kile kichujio cha waya ambacho mafundi wa haraka hukiruka. Pikipiki mpya kabisa hubadilishwa mapema zaidi, kwenye kilomita 500 za mwanzo, kwa sababu ya unga wa chuma wa injini inayojizoeza.

Katikati ya hapo, pima. Simamisha pikipiki wima juu ya stendi ya kati, mahali tambarare, tazama kijiti au kioo. Injini yenye lita moja ikipungukiwa na kikombe cha kahawa imepoteza sehemu kubwa, na injini nyingi zilizonoki mjini humu zilinoki kwa oili kukauka, si kwa oili mbaya. Lakini usijaze kupita alama kwa kudhani unaipenda. Ikizidi, injini inaipiga kama yai, inajaa povu, na povu halilainishi kitu.

Oili inayotoka usiimwage mchangani. Shella visima vyetu ni vifupi na mchanga hauzuii kitu, na mtaro wa barabara hauna pa kwenda isipokuwa baharini, jirani na hifadhi ile iliyotangazwa mwaka 1968 ambayo nusu ya watu hapa wanakula kwayo. Kinga kwenye mtungi, ukijaa peleka kwenye gereji kubwa, wapo wanaoikusanya. Kuna wanaopaka nguzo za banda zisiliwe na mchwa. Mimi sina ugomvi mkubwa na nguzo, nina ugomvi na kisima.

Turudi kwa mpwa wangu. Yule mzee wa Maweni aliimwaga oili yangu yote, akaosha injini kwa oili ya bei nafuu ya 4T, akaimwaga nayo, kisha akatia 20W-50 yenye MA. Alijaribu kuziokoa pleti, kwa kuwa wakati mwingine zikilowa oili sahihi hurudi kushika. Hizi zilikuwa zimeshaungua, zimekuwa na rangi ya buluu pembeni. Seti ya tatu niliilipia mimi, na siku mbili za hesabu nikampelekea jirani mwenyewe, nikamweleza mbele ya kijana kosa lilikuwa la nani. Alicheka. Mpwa wangu hakucheka siku ile.

Siku hizi akiwa dukani hunitumia picha kwenye simu, si ya mbele ya kopo bali ya nyuma. Juzi aliniandikia: "Mjomba, hii ni SL, ina MA lakini haina ile mbili. Ninunue?" Nikamjibu anunue, na asisahau msumari.